Sindano ya Kubebewa

Bwana yangu Grégoire alifundisha darasa ya tano ku Bule miaka makumi tatu na mbili, na hakuandika ata siku moja jina ya mutoto mwenye hayuko mu darasa. Madirekta walimubembeleza, juu hesabu ya watoto ikipanda, musaada nayo inapanda. Alikataa. Walimuita kichwa nguvu, na mimi pia nilimuita vile, tena mbele ya wageni. Nasema hii mwanzoni, musije mukafikiri maneno yenye nitaeleza iliingia mu nyumba yetu kupitia kwake. Ilipitia kwangu mimi, Anastasie, mwenye akili mingi.

Vita ilituondoa Bule na vitu yenye mikono ilishika: sufuria moja, blanketi, na koti ya Grégoire ya kufundishia. Tukafika Bunia, tukapewa nafasi mu kambi ya wakimbizi upande wa Mbunya, bloki C, mu nyumba ya shitingi, ile plastiki ya musaada, yenye ukikohoa jirani anakuambia pole. Na mwenye kukohoa njo alikuwa Grégoire. Iko na pumu tangu utoto. Ku Bule, na ile hewa ya mulima, ilikuwa inamushika mara mbili kwa mwaka. Mu moshi ya majiko mia tano ikawa inamushika kila juma. Kifua ilikuwa inapiga filimbi mupaka watoto wa jirani wanaiga. Nilicheka siku mbili, kisha nikaanza kuogopa.

Ilikuwa miaka ya corona, na tena ya état de siège: masoda walikuwa wanatawala muji, na ugonjwa inatawala masoda. Madame Monique, muganga wa posti ya afya ya kambi, alinivuta pembeni akaniambia bila kuzunguka. Corona ikimukuta huyu muzee na ile kifua yake, hatamaliza juma mbili. Chanjo iko, ni sindano moja tu, ni ya bure, nimulete.

Kumuleta Grégoire mahali, jaribuni weye na ndugu yako. Ile wakati hakuna mutu alikuwa anaenda. Watu walisema sindano inakata uzazi, inaandika namba ya shetani mu damu, inaua nyuma ya miaka mbili. Siye wenye tulikimbia mapanga, tulikuwa tunaogopa sindano. Madame Monique alikaa nyuma ya meza yake juma nane, sanduku ya barafu kando, anafuma. Alimaliza sweta mbili na kofia ya mutoto. Mu juma ya sita mimi nilienda kutoa mukono yangu, juu Grégoire aone kama mutu anachanjwa na kesho yake anateka maji. Aliniangalia siku kumi na ine, vile unaangalia maziwa ku moto. Mu juma ya tisa akasema sawa, siku ya tatu tutaenda.

Siku ya pili wakaleta franga.

Mradi moja ya mbali ilituma magari matatu na kipaza sauti. Mukubwa yeyote mwenye atakubali sindano atapokea franka elfu kumi na sabuni moja. Walifikiri watu watakimbia. Watu walikimbia kweli, lakini upande ingine. Wenye walikuwa wanasitasita sasa walikuwa na hakika. Mama moja ya bloki B alificha mabinti yake chini ya kitanda. Na Grégoire wangu, mwenye alikuwa amekwisha kupiga pasi shati ya mikono mifupi kwa mukaa ya jirani, akaikunja, akakaa chini.

"Anastasie," alisema, "tuko hapa miaka mbili. Tuliomba shitingi, hawakuleta. Tuliomba maji, wakaleta mukutano. Leo wanataka kunipa franga juu nikubali kusaidiwa? Ile sindano iko na kitu."

Nilimwambia sindano ni ile ile yenye mimi nilipigwa. Akanijibu mimi sikulipwa. Na kweli, hapo alinigusa pabaya, juu nilikuwa natoka kuuliza. Nilienda ku ile magari na kadi yangu ya chanjo, nikasema na mimi nataka yangu elfu kumi. Kijana wa mradi mwenye kuvaa gileti alinieleza kwa upole, mara tatu, kama franga ni ya wenye walikuwa wanakataa. Mwenye alikubali mapema, anapewa asante. Alinipa ile asante kweli, kwa mikono mbili. Nilirudi nyumbani roho inachemka.

Sasa mujue mambo ya jetoni. Mu kambi kila mukubwa iko na jetoni yake, karatasi nguvu yenye jina, bloki na namba. Picha hakuna. Mugonjwa, ao mama mwenye mimba, ao mutu mwenye alienda kulima shamba ya wenyewe, hawezi kusimama mu mustari ya unga tangu asubuhi. Anapatia mwenzake jetoni, yule anasimama, anabeba unga, analeta, na unamupimia kopo moja. Tunaita kubeba jetoni. Hakuna mwizi hapo, ata katekista anabebewa. Mubebaji wa bloki C alikuwa Fulgence, mutu wa miaka makumi ine na kitu, zamani alikuwa anapasua mbao, na ile mabega yake inajaza mulango. Hakuibia mutu ata kijiko ya unga.

Ile juma pompi ya Grégoire ikaisha, ile ndogo ya kupuliza mu kinywa pumu ikimushika. Ku farmasi walitaka elfu kumi. Mimi nilikuwa na elfu moja na hasira. Na mu mufuko ya koti ya Grégoire kulikuwa jetoni, na inje kulikuwa watu wenye wanagawa elfu kumi kwa jetoni, na hawa watu, kwa hesabu yangu, walikuwa na deni yangu. Niambieni mungefanya nini. Nilichukua ile jetoni nikaipeleka kwa Fulgence.

Fulgence aliikamata, akaigeuza, akaniangalia.

"Mama, hii unga ya leo wanaiweka mu mukono," alisema. "Nitabeba namna gani?"

"Weye iko na mikono mbili," nilimujibu.

Akaenda. Kila mutu alikuwa amefunga kashene ku pua na mudomo, ile ilikuwa amri, na wachanjaji wa mradi walikuwa wageni, wanabadilika kila siku, basi hakuna mwenye alijua ile mabega ni ya nani. Akatobolewa kwa jina ya Grégoire, akatia dole gumba mu wino na mu kitabu, akaniletea elfu kumi yote na sabuni. Nilimukatia elfu mbili, juu kopo ya unga haiwezi kulipa mukono ya mutu, na ile ingine nikaongeza na elfu yangu, nikaenda kubembeleza mwenye farmasi mupaka akachoka. Jioni Grégoire alipuliza pompi mupya, kifua ikanyamaza. Aliniuliza nimepata wapi franga. Nilisema niliuza sabuni. Si uongo yote, juu sabuni niliuza kweli.

Shida ni kwamba watu waliona. Kesho yake bloki C yote ikaleta jetoni kwa Fulgence. Alibeba tisa kwa siku sita, leo mukono ya kushoto, kesho ya kuume, na zenye zilimushinda zikabebwa na vijana wengine. Siku moja alilala na homa, akasema ni malaria, akaamka akaendelea. Bloki ingine nayo ikatafuta wabebaji yake. Nyuma ya juma mbili mradi ikatangaza kama kambi yetu imechanjwa kwa asilimia makumi tisa na nane. Wakatuchezea muziki, wakatupiga picha, wakasimamisha kibao ku mulango: Kambi ya Mufano. Na siye tulipiga makofi. Kusema kweli, tulikuwa na furaha juu ya Fulgence. Alikuwa mutu mwenye kuchanjwa kuliko wote mu Ituri.

Nyuma ya miezi tatu corona ikarudi, na ile mara haikucheza. Ku bloki A walizika watatu kwa juma moja. Ku yetu alienda yule mushonaji wa viatu mwenye Fulgence alimubebea jetoni ya saba. Grégoire aliangalia ile mazishi akiwa amesimama mbali, pompi mu mufuko. Siku ya tatu akaomba shati yake ya mikono mifupi.

"Sasa hawalipi tena mutu," alisema. "Sasa naweza kuiamini. Twende."

Ningesema pale pale. Sikusema. Nilimufungia vifungo ya koti, nikatembea nyuma yake mupaka ku posti ya afya, na njia yote nilikuwa naomba Mungu Madame Monique akuwe amepoteza kitabu.

Hakuipoteza. Alifungua, akapitisha kidole, akainua macho akitabasamu. Asema muzee umesahau, umekwisha kuchanjwa, hii hapa, bloki C, tarehe na alama ya kidole. Grégoire aliomba kuona. Mutu mwenye alishika makitabu ya darasa miaka makumi tatu na mbili, hauwezi kumudanganya na kitabu. Akaangalia ile dole gumba pana ya mupasua mbao, akaangalia ya kwake, nyembamba, yenye chaki ilikausha. Kisha akaniangalia mimi. Nikaeleza yote, mbele ya Monique na mbele ya wagonjwa wenye walikuwa wamekaa ku benchi. Nilikuwa nalia na nilikuwa nakasirika, juu ningali naona kama walikuwa na deni yangu.

Madame Monique alikamata kichwa. Ata angetaka kumutoboa, asema, sindano haiko. Kambi ya mufano haiwezi kuomba sindano ingine. Zenye zilibaki walizipeleka chini ku Kasenyi, ku ziwa, juu kule watu wangali wanakataa, na mradi ingali inawalipa.

Grégoire hakunipigia kelele. Alitembea mupaka nyumbani, akakaa, akatoa koti. "Miaka makumi tatu na mbili," alisema, "na leo njo mimi mutoto mwenye hayuko mu darasa."

Mwenye aliona njia ni Fulgence. Haya ilikuwa inamukula. Alikuja kutuomba musamaha na kilo moja ya sukari. Kila siku ya posho, njo siku ya sita ya juma, anashuka Kasenyi kununua samaki kwa mutu moja anaitwa Assani, mwenye kukausha na kutia chumvi, mwanaume wa nguvu, miaka makumi tano, hajalala hospitali ata siku moja. Asema tushuke, tumuone Assani, anajua watu.

Tulipanda pikipiki moja watatu, Grégoire katikati. Ku kila barieri masoda waliomba franga ya kahawa, na Grégoire aliwasalimia kwa heshima kama ni wainspekta. Vumbi ya ile njia iliingia mu kifua yake. Tulifika kwa Assani muzee anapiga filimbi, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alikaa juu ya kikapu mbele ya samaki zenye zimeanikwa, akapuliza pompi, ikatoa mara mbili, kisha ikatoa hewa ya bure.

Assani alimuhurumia sana. Alileta maji, akaleta kiti. Lakini asema kule wanaandika wakaaji tu, kila mutu na karatasi ya chifu yake, nayo haina picha. Mugeni wa Bunia wanamurudisha. Tena akacheka, akasema yeye mwenyewe karatasi anayo na sindano haitaki. Muke yake Vahwere anamulilia kila siku aende, na ile elfu kumi anaihitaji kununua chumvi. Fulgence aliangalia chini. Mimi sikuangalia chini. Ni mimi nilisema: basi Grégoire abebe karatasi ya Assani.

Grégoire alisema hapana. Akasema mara tatu, na kila mara filimbi ilikuwa inamaliza neno yake. Nilipiga magoti mu magamba ya samaki, nikamuambia nilikosa mara moja juu ya pumzi yake na niko tayari kukosa tena, anizike na makosa yangu kuliko mimi nimuzike na ukweli yake. Akanishika mukono, akaniinua.

"Haya," alisema. "Leo niiteni Assani."

Ku meza ya mradi, kijana moja alikalisha Grégoire nusu saa, anamubembeleza asiogope. Alimuonyesha picha, akamueleza faida, akamuambia wazee wengine walikubali. Bwana yangu, mwenye alikuja kilometa makumi tano kuomba ile sindano, alikuwa anaitika kama mwanafunzi, eeh, eeh, nimesikia. Wakamutoboa. Wakamupa elfu kumi na kadi yenye jina ya Assani. Alirudisha vyote viwili kwa mwenyewe, ata franka moja hakubakisha. Assani alitufungia samaki mbili kubwa. Tulizikula siku tatu, na mimi niliimba nikipika. Bwana yangu alikuwa amechanjwa, jina gani haikunihusu.

Juma sita nyuma yake Fulgence alipanda kutoka Kasenyi bila samaki. Assani amekufa. Siku tisa, corona, yule mutu wa nguvu.

Hiyo ingekuwa huzuni ya watu wa nyumba yake. Lakini Assani alikuwa na kadi. Alimwambia muke yake alichanjwa, akamupa elfu ine ya ile franga, na Vahwere alifurahi akaiambia soko nzima. Sasa soko nzima ilijua kitu moja: Assani alikubali sindano, alikula franga, alikufa. Kadi ilipita mukono kwa mukono kama ushahidi. Hakuna mutu alikaribia ile meza tena. Mradi ilipandisha mupaka elfu makumi mbili, na hapo ata wenye walikuwa wanataka wakakimbia. Fulgence asema kulikuwa wazee kule wenye kifua mubaya kuliko ya Grégoire.

Grégoire alisikiliza mupaka mwisho. Alikuwa anapumua vizuri ile siku, na naona njo ilimuumiza. Akaomba koti.

Nilimuzuiza. Nilisema watamufunga, wakubwa wa mradi watasema ni mwizi, mujane atasema alikula uzima ya bwana yake. Nilisema yote yenye muke anaweza kusema. Alinijibu kama kila mutu mwenye atakataa kule, ni juu ya kitabu yenye yeye aliharibu, na mwalimu anasahihisha kitabu yake. Nikapanda pikipiki nyuma yake, juu sikuweza kumuacha peke yake.

Tulikuta matanga ingali, watu mingi wamekaa chini ya shitingi, Vahwere katikati yao, kitambaa ku kichwa, ile kadi imelala mu magoti yake. Grégoire aliomba ruhusa, akasimama. Alieleza kwa ile sauti ya darasa, polepole, moja moja: Bunia, jetoni, mimi, kikapu ya samaki, karatasi. Kisha akatoa koti, akainua mukono ya shati.

"Assani hakuchanjwa," alisema. "Sindano yake iko hapa. Angalieni mimi, muzee wa pumu, niko muzima. Hii dawa ni ya kweli. Nendeni."

Niliona watu wawili watatu wanaangalia ile mukono, na moja kati yao, muzee mwenye fimbo, alianza kuitika na kichwa. Nilimushukuru Mungu pale pale. Nilikuwa najivuna juu ya bwana yangu kuliko siku ya arusi.

Vahwere aliinua kichwa, macho imevimba. Hakukasirika. Aliuliza polepole, kama mutu mwenye anatamani kuamini.

"Muzee, ile siku ya sindano, na weye walikulipa?"

Nilimuvuta shati. Ningekuwa mimi, ningesema hapana, na ule muzee mwenye fimbo angekuwa amechanjwa ile jioni. Lakini huyu ni Grégoire, wa darasa ya tano, Bule.

"Walinilipa," alijibu. "Elfu kumi."

Alitaka kueleza kama alirudisha yote. Watu walikuwa wamekwisha kuinuka, wanaambiana huyu naye ni shahidi wa kulipwa, na ule muzee mwenye fimbo alikuwa wa kwanza.